Umemejua Nyumbani: Namna ya Kufunga Mfumo Salama kwa Familia, Jirani na Fundi wa Laini

Na Mwandishi Wetu

Paneli za jua juu ya paa si jambo geni tena katika mitaa na vijiji vya Tanzania. Zipo kwenye nyumba ambazo nguzo za umeme bado hazijazifikia, na zipo pia kwenye nyumba za mijini zenye mita ya LUKU, ambazo wenyewe wanataka taa ziendelee kuwaka pale umeme wa gridi unapokatika. Kwa kuwa bei ya vifaa imeshuka ikilinganishwa na miaka 15 iliyopita, wananchi wengi sasa hununua paneli, betri na inveta dukani kisha hujifungia wenyewe au humwita kijana wa mtaani anayefahamu kuunganisha nyaya.

Hatua hiyo ya kujitafutia nishati ni ya kupongezwa. Hata hivyo, ipo dhana iliyozoeleka kwamba umeme wa jua ni "mdogo" na hauna madhara. Dhana hiyo si sahihi. Umeme utokao kwenye jua ni umeme kamili: unaweza kuunguza nyumba, unaweza kuua mtu, na ukiunganishwa na nyaya za TANESCO bila utaratibu, unaweza kumdhuru fundi aliye juu ya nguzo mitaa miwili kutoka kwenye nyumba ulikozalishwa.

Makala haya yanaeleza jinsi mfumo wa umemejua wa nyumbani unavyofanya kazi, hesabu zinazopaswa kufanywa kabla ya kununua vifaa, mambo ya kuzingatia wakati wa kufunga, na mpaka uliopo kati ya kazi ambayo mwananchi anaweza kuifanya mwenyewe na ile ambayo ni ya fundi mwenye leseni.

Vifaa vya mfumo na kazi zake

Mfumo wa kawaida wa nyumbani una sehemu nne kuu. Ya kwanza ni paneli, ambazo hubadili mwanga wa jua kuwa umeme wa mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu kama ule wa betri ya gari. Ya pili ni kidhibiti chaji, ambacho hukaa kati ya paneli na betri ili betri isijazwe kupita kiasi. Vidhibiti vingi pia huzuia betri isitumike hadi ikaharibika. Ya tatu ni betri, ambayo huhifadhi umeme wa mchana kwa matumizi ya usiku. Ya nne ni inveta, ambayo hubadili mkondo mnyoofu wa betri kuwa mkondo geu wa volti 230, sawa na ule unaotumiwa na luninga, feni na jokofu za kawaida.

Ni muhimu kufahamu kwamba paneli haina swichi ndani yake. Maadamu kuna mwanga, paneli inazalisha umeme, hata kama haijaunganishwa na kitu chochote. Kuzima inveta hakuzimi paneli, na kuzima swichi kuu ya nyumba hakuzimi nyaya zinazotoka juu ya paa. Tahadhari nyingi zinazofuata katika makala haya zinatokana na ukweli huo.

Hesabu kabla ya kwenda dukani

Mifumo mingi inayolalamikiwa kwamba "haidumu" haina kasoro ya kiwandani. Ilinunuliwa kwa kuangalia bei badala ya mahitaji. Mwananchi anashauriwa kukaa na karatasi na kalamu kabla ya kutoa fedha yake.

Tuchukue mfano wa kaya yenye taa sita za wati 7 zinazowaka saa tano kwa siku, luninga ya wati 60 kwa saa tano, feni ya wati 50 kwa saa sita, redio ya wati 10 kwa saa sita, na simu nne zinazochajiwa kila siku. Taa zitatumia wati-saa 210, luninga 300, feni 300, redio 60 na simu takriban 60. Jumla ni wati-saa 930 kwa siku, yaani chini kidogo ya uniti moja ya LUKU.

Si umeme wote unaozalishwa na paneli unaofika kwenye taa. Sehemu hupotea kutokana na joto la paneli, vumbi, nyaya, betri na inveta. Kwa sababu hiyo, mafundi hugawanya mahitaji kwa 0.7 ili kupata kiasi kinachopaswa kuzalishwa. Katika mfano wetu, 930 gawanya kwa 0.7 ni takriban wati-saa 1,330. Tukichukua kwamba eneo linapata jua kali linalolingana na saa nne na nusu kwa siku, paneli zinazohitajika ni za wati 300 hivi. Mwenye busara ataweka wati 350 kwa ajili ya siku za mawingu na msimu wa masika.

Kwa upande wa betri, aina huleta tofauti kubwa. Betri ya asidi na risasi haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake kila siku, la sivyo hufa mapema. Hivyo kaya hii itahitaji betri yenye wati-saa zisizopungua 1,860. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 200, ambayo hubeba wati-saa 2,400, inatosha. Betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma huweza kutumiwa hadi asilimia 80 au zaidi, kwa hiyo betri ya ampea-saa 100 inaweza kufanya kazi ileile. Bei yake ya kununulia ni kubwa zaidi, lakini kwa kawaida hudumu miaka mingi zaidi.

Inveta huchaguliwa kwa kujumlisha wati za vifaa vinavyoweza kuwashwa kwa wakati mmoja. Katika mfano huu hazizidi wati 200, hivyo inveta ya wati 500 inatosha na kubaki na nafasi. Vifaa vyenye mota, kama jokofu na pampu ya maji, huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya wati zake wakati wa kuanza, na jambo hilo lazima lizingatiwe. Vifaa vya kupasha joto vinahitaji tahadhari ya pekee: pasi ya wati 1,000 ikitumika kwa saa moja hula umeme mwingi kuliko kaya hii yote inavyotumia kwa siku nzima. Pasi, jiko la umeme na hita ya maji havifai katika mfumo mdogo.

Juu ya paa

Tanzania Bara ipo kusini mwa Ikweta, takriban kati ya nyuzi 1 na nyuzi 12. Kwa hiyo, kwa wastani wa mwaka, paneli hupata mwanga zaidi zikielekezwa kaskazini. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unafaa kwa sehemu kubwa ya nchi. Paneli iliyolazwa kabisa hukusanya vumbi na maji ya mvua yasiyotiririka.

Kivuli ni adui mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfuatano, hivyo kivuli cha tawi la mwembe au cha antena kinachofunika sehemu ndogo tu kinaweza kupunguza umeme wa paneli nzima kwa kiasi kikubwa. Kabla ya kuchagua mahali, ni vyema kuangalia kivuli asubuhi, mchana na jioni.

Paneli zifungwe kwenye reli za chuma au alumini zilizoshikizwa kwenye papi na kenchi, si kwenye bati pekee. Upepo mkali huingia chini ya paneli na kuinyanyua kama tanga la jahazi, na paneli kubwa ya kisasa ina uzito wa zaidi ya kilo 20. Iachwe nafasi kati ya paneli na bati ili hewa ipite, kwa kuwa paneli inapopata joto kali uzalishaji wake hupungua. Matundu yote ya boliti yazibwe kwa mpira na dawa ya kuzuia maji. Kwa wakazi wa Pwani, Tanga, Lindi, Mtwara na visiwani, boliti na reli ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya chumvi huharibu vyuma vya kawaida katika muda mfupi.

Kazi ya juu ya paa ina hatari yake hata kabla ya umeme kuhusika. Ngazi ishikwe na mtu wa pili, kazi isifanyike wakati wa mvua au upepo, na anayepanda ajifunge kamba. Paneli zifunikwe kwa turubai nene wakati wa kuunganisha nyaya ili zisizalishe umeme mkononi mwa fundi.

Nyaya, fyuzi na hatari ya mkondo mnyoofu

Nyaya ndizo sehemu ambayo wengi hubana matumizi, na ndizo huanzisha moto. Mfumo wa volti 12 husafirisha ampea nyingi kwa wati chache. Paneli au inveta ya wati 300 katika volti 12 hupitisha ampea 25. Ampea hizo zikipitishwa kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 4 kwa umbali wa mita 10 kwenda na mita 10 kurudi, zaidi ya volti 2 hupotea njiani, ambayo ni karibu sehemu moja ya tano ya umeme wote. Kinachopotea hakiendi mbali: hugeuka joto ndani ya waya. Umbali huohuo kwa waya wa milimita za mraba 16, upotevu hushuka hadi takriban asilimia 5. Mfumo ukiwa wa volti 24, ampea hupungua kwa nusu na hata ule waya wa milimita 4 hutoa matokeo hayohayo ya asilimia 5. Ndiyo sababu mifumo mikubwa hutumia volti 24 au 48, na ndiyo sababu betri na inveta huwekwa karibu karibu.

Nyaya za juu ya paa ziwe zile zilizotengenezwa kwa ajili ya umemejua, ambazo ganda lake huhimili jua na mvua. Waya wa kawaida wa ndani ya nyumba ukiachwa juani ganda lake hupasuka baada ya muda, na waya ulio wazi ukigusa bati, paa zima linaweza kuwa na umeme. Viunganishi vya paneli viwe vya aina moja na vibanwe kwa koleo lake maalumu. Kiungo kilichofungwa kwa kusokota waya na kuzungushia utepe ni chanzo cha joto na cheche.

Mkondo mnyoofu una tabia moja inayoutofautisha na umeme wa TANESCO. Umeme wa gridi hubadilisha mwelekeo na kupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, hivyo cheche inayotokea swichi inapofunguliwa hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo mnyoofu haupiti kwenye sifuri. Cheche yake ikishawaka huendelea, na joto lake huweza kuyeyusha chuma na kuwasha mbao za kenchi. Kwa sababu hiyo, swichi na vikata umeme vya kawaida vya nyumbani havipaswi kutumika upande wa paneli na betri. Vitumike vile vilivyoandikwa na mtengenezaji kwamba ni vya mkondo mnyoofu, kwa volti na ampea zinazohusika. Vivyo hivyo, viunganishi vya paneli visichomolewe wakati umeme unapita. Izimwe kwanza inveta, kisha swichi ya paneli.

Volti nazo zinajumlishwa. Paneli moja kubwa ya kisasa ikiwa juani bila kuunganishwa huweza kutoa volti 40 hadi 50. Paneli kumi zikifungwa kwa mfuatano hutoa volti 400 hadi 500 za mkondo mnyoofu, kiwango kinachoua. Mfumo wa namna hiyo si wa kujifungia kwa kuangalia video ya simu.

Kila mfumo uwe na kinga zifuatazo: fyuzi au kikata umeme kwenye waya chanya wa betri, kikiwa karibu na betri kadiri inavyowezekana, swichi ya kutenga paneli, iliyo mahali panapofikika, na pale mafungu matatu au zaidi ya paneli yanapounganishwa sambamba, fyuzi kwa kila fungu. Fremu za paneli, reli na ganda la inveta ziunganishwe kwa waya na fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini. Katika maeneo yenye radi nyingi, hususan mikoa inayozunguka Ziwa Victoria, ni vyema pia kuweka vifaa vya kukinga mfumo dhidi ya mawimbi ya radi.

Betri ni ghala la nguvu

Betri haionekani kuwa ya hatari kwa kuwa volti yake ni ndogo na mtu akiigusa hashtuki. Hatari yake ipo kwingine. Spana ikiangukia vichwa viwili vya betri kwa pamoja, hupita mamia au maelfu ya ampea kwa mara moja, chuma hugeuka chekundu na betri huweza kupasuka. Anayefanya kazi kwenye betri avue pete na saa, na atumie spana iliyofungwa utepe kwenye mpini.

Betri za asidi zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na cheche au moto. Zisiwekwe chumba cha kulala, chini ya kitanda, jikoni wala kwenye kabati lililofungwa. Ziwekwe mahali pakavu, penye hewa inayozunguka, pasipofikiwa na watoto wala mifugo. Betri za lithiamu hazitoi gesi hiyo katika matumizi ya kawaida, lakini lazima ziwe na saketi yake ya ulinzi na zichajiwe kwa kidhibiti kilichopangwa kwa aina hiyo. Betri mpya na kuukuu, au za aina mbili tofauti, zisichanganywe.

Utaratibu wa kuunganisha nao una maana. Kwa vidhibiti vingi, betri huunganishwa kwanza ili kidhibiti kitambue volti ya mfumo, kisha paneli, na mwisho vifaa. Wakati wa kuondoa, utaratibu ni kinyume chake: vifaa, paneli, na betri mwishoni. Kabla ya kila kiungo, chanya na hasi zihakikiwe kwa mita. Kosa la kugeuza nyaya hizo mbili linaweza kuharibu kidhibiti au inveta papo hapo, na kwa kawaida dhamana ya dukani haifidii kosa hilo.

Nyumba yenye umeme wa TANESCO

Hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote. Mwananchi mwenye umeme wa gridi hutamani inveta yake iwashe taa zilezile na soketi zilezile zilizokwisha kufungwa nyumbani. Lengo hilo halina ubaya. Ubaya upo katika njia inayotumiwa na baadhi ya watu: kuchukua waya wenye plagi pande zote mbili, kuchomeka upande mmoja kwenye inveta na upande wa pili kwenye soketi ya ukutani, kisha kutegemea kumbukumbu ya kuzima swichi kuu kila umeme unapokatika.

Siku swichi hiyo ikisahaulika, umeme wa inveta hautabaki ndani ya nyumba. Utapita kwenye mita, utapanda kwenye waya wa nguzo na kufika kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma ya mtaa kwa kawaida hupunguza umeme kutoka volti 11,000 au 33,000 hadi volti 400 na 230 za majumbani. Lakini transfoma haina mlango wa upande mmoja: umeme wa volti 230 ukiingia kutoka chini, hupandishwa na kutoka juu ukiwa maelfu ya volti. Inveta nyingi zitajizima kwa kuzidiwa na mzigo wa mtaa mzima, lakini hilo haliwezi kutegemewa, hasa pale sehemu ya laini inapokuwa imekatika na mzigo uliobaki ni mdogo.

Mafundi wa laini wana taratibu za kupima na kuunganisha nyaya ardhini kabla ya kuanza kazi, na taratibu hizo zipo kwa sababu ya hatari ya namna hii. Hata hivyo, waya ulioanguka barabarani wakati wa mvua haupimwi na mtoto anayeupita akienda shule. Aidha, umeme wa gridi ukirejea ghafla wakati inveta bado imeunganishwa, mikondo miwili hugongana na inveta huungua, wakati mwingine kwa moto. Na plagi ya upande wa pili ikichomoka ukutani, meno yake yanakuwa na volti 230 wazi kwa yeyote atakayeigusa.

Njia sahihi ni swichi ya kubadilishia umeme. Hii ni swichi yenye nafasi tatu: gridi, katikati ambapo hakuna umeme, na inveta. Imeundwa kwa namna ambayo haiwezi kugusa pande zote mbili kwa wakati mmoja, hivyo usalama hautegemei kumbukumbu ya mtu. Swichi hiyo ikate nyaya zote mbili, wenye umeme na wa kurudishia, iwe na uwezo unaolingana na mzigo wa nyumba, na ifungwe kati ya mita na kisanduku cha usambazaji. Zipo pia swichi zinazojibadilisha zenyewe, na zipo inveta zenye swichi hiyo ndani yake. Hizo nazo zinahitaji kuunganishwa na mtu mwenye ujuzi.

Njia nyingine, ambayo ni rahisi na salama kwa mfumo mdogo, ni kufunga mzunguko wa pekee: taa na soketi chache zenye nyaya zake, zisizokutana kabisa na nyaya za TANESCO.

Ipo pia aina ya inveta inayofanya kazi sambamba na gridi. Inveta hiyo hujizima yenyewe umeme wa gridi unapokatika, kwa sababu zilezile za kumlinda fundi wa laini. Wanaoinunua bila betri wakitarajia kupata umeme wakati wa katizo hujikuta gizani pamoja na majirani zao. Zaidi ya hapo, hakuna anayeruhusiwa kurejesha umeme kwenye gridi bila kibali na makubaliano na TANESCO, au ZECO kwa upande wa Zanzibar. Mita ya kawaida ya malipo ya kabla si mita ya kupimia umeme unaorudi, na zipo mita ambazo huuhesabu umeme huo kana kwamba ni matumizi ya mteja.

Kipi ufanye mwenyewe, kipi umwachie fundi

Kwa mujibu wa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 na kanuni zake, kazi za ufungaji wa mifumo ya umeme majumbani hufanywa na mafundi wenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Kwa Zanzibar, mamlaka ya udhibiti ni ZURA. Mwananchi ana haki ya kumwomba fundi aonyeshe leseni yake na ya kuihakiki kwa mamlaka husika kabla ya kazi kuanza.

Kwa vitendo, mwananchi makini anaweza kufunga mwenyewe kifurushi kidogo chenye paneli, betri na taa zake, ambacho viunganishi vyake ni vya kuchomeka na volti yake haizidi 12, kwa kufuata kitabu cha maelekezo. Anaweza pia kufanya hesabu ya mahitaji, kuchagua mahali pa paneli, kuandaa chumba cha betri na kusafisha paneli. Lakini pale mfumo unapokuwa na inveta ya volti 230 iliyounganishwa na nyaya za nyumba, paneli nyingi zilizofungwa kwa mfuatano, au mahali popote unapokutana na umeme wa TANESCO, kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni.

Wakati wa kununua, mwananchi atafute vifaa vilivyothibitishwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), adai risiti na hati ya dhamana, na asome kibandiko cha nyuma ya paneli kinachoonyesha wati, volti na ampea. Betri ya asidi inayodaiwa kuwa na ampea-saa 200 lakini inabebwa kirahisi kwa mkono mmoja inapaswa kutiliwa shaka, kwa kuwa uzito wa betri hiyo unatokana na risasi iliyomo ndani yake.

Kazi ikikamilika, fundi akabidhi mchoro wa mfumo, apime mbele ya mwenye nyumba, na aweke vibandiko kwenye swichi ya paneli, swichi ya betri na swichi ya kubadilishia. Kila mtu mzima wa nyumba, pamoja na msaidizi wa kazi, afundishwe mpangilio wa kuzima.

Utunzaji na dharura

Paneli zisafishwe kwa maji na kitambaa laini, asubuhi au jioni zikiwa zimepoa. Sabuni ya unga na brashi ngumu hukwaruza kioo. Kila baada ya miezi mitatu, viungo vikaguliwe kama vimelegea, vimebadilika rangi au vina dalili ya panya kutafuna ganda la waya. Kiungo chenye joto unapokikaribia kwa kiganja ni dalili ya tatizo. Betri za asidi zinazofunguliwa ziongezwe maji yaliyochemshwa kwa mvuke, si maji ya bomba.

Ukitokea moto, watu watolewe nje kwanza na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lijulishwe kwa namba 114. Anayepiga simu aeleze kwamba nyumba ina paneli na betri, kwa sababu paneli huendelea kuzalisha umeme mchana hata baada ya gridi kuzimwa. Maji yasimwagwe kwenye paneli, inveta au betri zinazoungua. Mtu aliyenaswa na umeme asiguswe kabla chanzo hakijazimwa.

Serikali inaendelea kupeleka umeme vijijini kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), na umemejua unabaki kuwa sehemu muhimu ya safari hiyo, hususan kwa visiwa na vijiji vilivyo mbali na gridi. Wananchi waliokwisha kufunga mifumo katika nyumba zenye umeme wa TANESCO wanahimizwa kufanya ukaguzi mmoja wiki hii: kufuata waya unaotoka kwenye inveta hadi mwisho wake. Ukiishia kwenye plagi iliyochomekwa ukutani, inveta izimwe, waya huo uondolewe, na aitwe fundi mwenye leseni kufunga swichi ya kubadilishia umeme.